Gari Likikwama Mchangani na Mzigo Wako Ndani

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala juu ya dawa. Nataka tuzungumze juu ya safari moja fupi, ile inayoanza shambani kwako na kuishia kwenye ghala la chama cha msingi. Kwa wengi wenu safari hiyo haizidi kilomita 20 au 30. Lakini kuna misimu ambapo kilomita hizo 20 hula faida yote ya mwaka mzima.

Najua utasema: "Bwana Shamba, mimi sina gari. Mambo ya gari ni ya dereva." La, sivyo. Gari ni la mwenye gari, lakini magunia ni yako. Gari likilala porini siku mbili, yeye atapoteza klachi, na wewe utapoteza korosho. Tena mara nyingi wewe ndiye unayeketi kando ya dereva, nawe ndiye uliyemharakisha tangu asubuhi. Kwa hiyo yafaa uyajue mambo haya, hata kama hujawahi kushika usukani.

Chukua mfano wa korosho. Mkorosho hupenda udongo wa kichanga, wenye kina kirefu, usiotuamisha maji. Ndiyo maana umestawi Newala, Tandahimba, Tunduru, Lindi, na kuja mpaka Mkuranga na Rufiji. Sasa basi, mahali mkorosho unapostawi ndipo barabara ya kijiji inapokuwa mchanga mtupu. Udongo ni ule ule. Juu ya hayo, korosho huvunwa kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba, mwisho wa kiangazi, wakati mchanga umekauka mpaka chini na magari yameusaga ukawa kama unga. Na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, gunia hupita barabara hiyo kwanza ndipo liuzwe. Ukingoja sana, mvua za Desemba zinakukuta, na korosho iliyonyeshewa hushuka daraja. Ndiyo sababu kila mtu huharakisha, na mwenye haraka ndiye anayekwama.

Wengi hudhani mchanga ni sawa na tope. Si sawa hata kidogo. Njia ya mfinyanzi mweusi hupitika kiangazi na hufungwa na mvua. Njia ya mchanga ni kinyume chake. Punje za mchanga mkavu hazishikani. Ukikanyaga, kila punje hukimbilia upande wake. Zikipata unyevu kidogo hushikana, kama mtoto anavyojenga nyumba ya mchanga ufukweni. Kwa hiyo asubuhi na mapema, umande ungali chini, mchanga huwa umekaza. Saa saba mchana mchanga ule ule hulegea, na gari lililopita asubuhi bila taabu hukwama hapo hapo. Pakia jioni, uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Usipakie asubuhi ukaondoka saa sita.

Kabla ya kupakia, tazama mzigo. Hapa nitasema neno ambalo halitawapendeza wote, nalo ni lumbesa. Pikapu inayoitwa ya tani moja hubeba kilo 1,000 hivi. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 100 yamekwisha kuijaza. Lakini magunia yakiwa ya lumbesa, yaliyoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, kila moja laweza kufika kilo 120 au 130. Dereva huhesabu magunia kumi, springi zinahesabu kumi na tatu. Kisha juu ya magunia wanapanda watu sita, na watu sita ni kilo 350 nyingine. Halafu springi ikikatika tunasema barabara ni mbaya! Na hao watu wa juu ya mzigo ndio wanaorushwa gurudumu la mbele linapoingia shimo la mchanga ghafla. Wasipande.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Gari haliharibiwi na mchanga peke yake. Linaharibiwa na mguu wa dereva katika dakika tano za kwanza baada ya kukwama. Gurudumu likianza kuzunguka bila kusogea, kila mzunguko huchota mchanga kutoka chini na kuutupa nyuma. Dereva anasikia injini inalia, anadhani gari linajitahidi, anaongeza moto. Gari linashuka tu. Baada ya muda difu imekaa juu ya mchanga, magurudumu yananing'inia shimoni, na klachi inatoa ile harufu ya kuungua ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Lile lililokuwa tatizo la nusu saa limekuwa la siku nzima, na sasa linataka fundi na vipuri kutoka mjini.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Desemba moja nilikuwa nikipeleka miche 400 ya mikorosho kijijini, kwa pikapu. Dereva nilikuwa mimi mwenyewe. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha kisha ikakatika kwa wiki mbili, na wakulima walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo, wananingoja. Kwenye mteremko mmoja gurudumu la nyuma likazama. Nikakanyaga mafuta. Likazama tena. Nikavunja matawi, nikayatupa chini ya tairi, nikakanyaga. Matawi yakaruka nyuma kama mishale. Tangu saa nne mpaka saa nane nilikuwa nikifanya hivyo, na miche iko juu, kwenye jua, ndani ya viriba vyake vidogo. Akapita mzee mmoja na jembe begani. Alinitazama, akaniambia, "Mwanangu, acha kwanza kulichimbia kaburi." Kumbe ujanani alikuwa utingo wa lori. Aliniamuru nizime gari, akashika kijiti, akaanza kutoa upepo kwenye matairi. Mimi nikaona ananiongezea matatizo, lakini nilikuwa nimechoka, sikubisha. Baada ya saa moja tulikuwa juu. Miche iliyofika hai haikufika nusu, na wakulima wale walipanda mwaka uliofuata.

Kwa nini alitoa upepo? Mfikirie mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino akipita mchanga wa pwani. Atazama. Akivivua, uzito wake ni ule ule, lakini nyayo zake zote zinagusa chini, hazami tena. Tairi lililojaa upepo ni kile kisigino. Ukipunguza upepo, tairi hulala chini, alama yake inakuwa ndefu zaidi, na uzito wa gari hugawanyika juu ya mchanga mwingi zaidi. Watu wa majangwani wameujua ukweli huu zamani. Mwingereza mmoja aliyeitwa Ralph Bagnold alisafiri na wenzake katika jangwa la Misri na Libya miaka ya 1920 na 1930 kwa magari ya kawaida ya Ford, yasiyovuta kwa magurudumu yote manne. Walipunguza upepo wa matairi, na walipokwama waliweka mabati mazito chini ya magurudumu. Wakafika mahali ambapo watu walisema gari haliwezi kufika.

Upunguze kiasi gani? Ukipima kwa kile kipimo cha paundi cha mafundi wa pancha, pikapu iliyopakiwa huenda nyuma ina 45 au 50. Punguza theluthi moja kwanza, ujaribu. Ikikataa, shuka mpaka 25. Ukiwa na mzigo usishuke chini ya 20, maana tairi laweza kuchomoka kwenye ringi au kukatwa ubavuni na kisiki. Kama hakuna kipimo, tumia kijiti kama yule mzee. Kisimamishe kando ya tairi juu ya ardhi ngumu, upime kutoka chini mpaka ukingo wa ringi. Kikiwa na urefu wa sentimita 12, toa upepo mpaka ukingo ushuke kwenye sentimita 9. Yaani robo imepungua. Matairi yote manne, si yale ya nyuma tu. Tena jambo hili lafanywa kabla ya kuingia mchanga mzito, siyo baada ya kuzama. Ukiona mbele mchanga umekuwa mweupe na mifereji ya magurudumu imekuwa mirefu, mwambie dereva asimame hapo hapo, pagumu.

Ukishapunguza upepo, mwendo nao upungue. Usizidi kilomita 30 kwa saa, na usikate kona kwa ghafla. Tairi laini likikimbizwa hupata joto na kupasuka. Ndiyo maana gari lisilokuwa na pampu lisipewe mzigo wako. Uliza kabla ya kukubaliana bei: "Ndugu, pampu iko wapi? Nionyeshe." Pampu ya mkono yatosha, ingawa utapiga mikupuo mia kadhaa kwa tairi moja na mikono itauma. Zipo pia ndogo zinazotumia betri ya gari.

Malori yenye matairi mawili mawili nyuma, kama Fuso na Canter, ni habari nyingine kidogo. Yakiwa na mzigo hayawezi kupunguzwa upepo sana, maana matairi pacha yakilegea husuguana. Dawa yake ni kushusha mzigo, na hapo ndipo watu hubisha. Wanataka kusukuma tani tano kwa mabega! Shusha nusu ya magunia, gari litoke, kisha yabebwe mpaka pagumu. Lakini usiyaweke magunia juu ya mchanga mtupu, hata usiku mmoja. Umande na unyevu wa chini utaingia. Tandika turubai au matawi mazito kwanza.

Haya, tuseme gari limekwama. Zima, mshuke wote. Chimba mbele ya kila gurudumu, si shimo bali njia yenye mteremko mdogo, ndefu kama hatua mbili. Toa mchanga chini ya tumbo la gari mpaka uone mwanga upande wa pili. Magurudumu ya mbele yanyooshwe. Yakiwa yamepinda ni kama breki. Kisha tandika mbao, au makuti, au mabua, yakianzia karibu kabisa na tairi. Mara nyingi ni rahisi kurudi nyuma kuliko kwenda mbele, kwa sababu nyuma gari limekwisha kujikanyagia njia. Madereva hawapendi kurudi, wanaona kama wameshindwa. Mwache aone hivyo, gari litoke. Aingize gia ya pili, au ya nyuma, aachie klachi taratibu, moto kidogo tu. Gurudumu likianza kuzunguka bure, aache mara moja. Wanaosukuma wakae ubavuni, wasisimame nyuma ya gurudumu. Nimekwisha kuwaambia habari ya yale matawi. Na gari likitoka lisisimame mpaka lifike pagumu. Mtalifuata kwa miguu.

Kama gari ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne, dereva aingize gia hiyo kabla ya mchanga. Magari mengi ya zamani hutaka mtu ashuke, afunge habu za magurudumu ya mbele kwa mkono. Nimeona gari lililosemwa "hata fowili imeshindwa," kumbe habu zilikuwa wazi, magurudumu ya mbele hayakuwa yakivuta chochote.

Ndugu zangu wa Singida, Tabora na wale wa ardhi ya luseni huko Usukuma, mchanga mnao pia, na nyinyi mna msaada ambao watu wa kusini wengi hawana: maksai. Jozi mbili au tatu za maksai zitatoa pikapu ambayo wanaume kumi wameishindwa. Funga mnyororo kwenye chesisi au ekseli, siyo kwenye bampa. Maksai waanze pamoja, polepole, mnyororo ukaze kwanza ndipo wavute. Wasishtuliwe kwa mjeledi. Watu wakae mbali na mnyororo kwa urefu wake wote, maana ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Na mtoto anayeongoza maksai asiwe katikati ya gari na wanyama. Gari likitoka kwa ghafla hana pa kukimbilia.

Pancha mchangani ina shida yake pekee. Jeki huzama, gari halipandi. Ubao mmoja mgumu, wa sentimita 30 kwa 30 na unene wa sentimita 5, humaliza shida hiyo. Ukiusahau, hutaona mwingine porini. Legeza nati gurudumu likiwa chini, kisha inua. Tairi la akiba lilaze chini ya chesisi wakati wote wa kazi, kusudi jeki ikiteleza gari likae juu ya tairi, lisikae juu ya mtu.

Kuchemsha. Gari linalotembea mchangani huvuta kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo, hewa ya kupoza rejeta haitoshi. Tena zile mbegu za majani makavu yaliyo katikati ya njia huziba rejeta. Utingo azikung'ute kila baada ya kilomita chache, na atazame chini pia, kwani majani makavu yakinasa karibu na ekzosi huwaka moto. Mshale wa joto ukipanda, simama, elekeza pua ya gari kwenye upepo, fungua boneti, acha injini iunguruме polepole kama maji yangalimo. Kama mpira wa maji umepasuka, zima mara moja. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa nusu saa nzima. Mvuke ulio ndani huruka usoni, nao huchubua ngozi kuliko maji ya sufuria. Kisha kifunguliwe kwa kitambaa kinene, kidogo kidogo. Na maji baridi yasimiminwe yote kwa pamoja ndani ya injini iliyokauka na kuwaka, silinda hedi itapasuka.

Maji hayo yatatoka wapi? Katika uwanda wa Makonde mnajua wenyewe shida ya maji. Basi ndani ya gari pawe na madumu mawili ya lita 20, moja la injini na moja la watu, yenye alama tofauti. La watu lisiwe limewahi kutiwa mafuta ya taa wala dawa ya mikorosho, hata kama limeoshwa mara saba. Mtu anayefanya kazi juani huhitaji lita 5 kwa siku, na mwenye kuchimba mchanga huhitaji zaidi. Nimeona dereva akimimina maji ya kunywa kwenye rejeta iliyokuwa ikivuja. Rejeta iliyotoboka hunywa dumu zima ndani ya kilomita mbili, kisha mnabaki na gari bovu na kiu. Hesabu watu kwanza, utoe cha kwao, kinachobaki ndicho cha gari.

Na ikiwa gari limekufa kabisa? Simu ikiwa na mtandao, sema mko wapi kwa majina ya mahali: kutoka kijiji gani, mto gani mmevuka, kilomita ngapi. Kama haina, izime kuhifadhi chaji, mmoja aijaribu baadaye akiwa kwenye kilima. Mchana kaeni kivulini karibu na gari. Gari huonekana kutoka mbali, mtu aliyelala chini ya kichaka haonekani. Ikibidi watu watumwe, waende wawili, wafuate njia ile ile mliyojia, wabebe maji, waondoke jua likipoa au alfajiri. Kwenye njia zinazopakana na mapori ya wanyama wasitembee usiku. Wazee, wagonjwa na wenye watoto wasiende. Na asiachwe mtu mmoja peke yake kulinda magunia.

Ikiwa ni springi tu iliyokatika, msikate tamaa. Kata gogo la mti mgumu, lipenyeze kati ya ekseli na chesisi, lifunge kwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu mpaka lisitikisike. Gari litarudi kijijini bila mzigo, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vipande hivyo vya mpira havina bei. Viombeni kwa fundi wa pancha kabla ya safari, mvitupe chini ya kiti pamoja na sepetu, ubao wa jeki na mkanda wa feni wa akiba.

Mkifika ardhi ngumu, kabla dereva hajaanza kukimbiza gari, ashuke ajaze upepo tena, yote manne. Atakuambia tumechelewa, ghala linafungwa. Mwambie umpokee pampu, mpokezane mpaka tairi la mwisho. Kwaherini.